Ukurasa wa Mengineyo

Kazi ile ilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa kituoni Thamesmead, London, nasubiri basi. Kampuni ndogo ya tafsiri iliyokuwa ikinipa kazi iliniandikia mistari mitatu: kurasa kumi na nane za Kiswahili, ziwe za Kiingereza ifikapo Alhamisi jioni, mteja ni ofisi ya mawakili wa hapa mjini. Nilijibu kwamba nimekubali hata kabla sijafungua faili.

Wakati huo nilikuwa na kazi mbili. Siku tatu kwa wiki nilikaa mapokezi kwenye zahanati ya mtaa, nikiwaambia watu kwamba daktari hana nafasi mpaka wiki ijayo. Siku zilizobaki nilitafsiri nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya ndoa, barua za polisi, kadi za kliniki. Kabla ya London nilikuwa mwalimu. Nilifundisha uchumi kidato cha tano na cha sita kwa miaka tisa, Tanzania, kwenye shule ya bweni ambayo mabati yake yalikuwa yakipiga kelele upepo ukivuma. Kila mwaka niliandika ubaoni kwa Kiingereza sababu zinazofanya baadhi ya nchi zistawi na nyingine zibaki nyuma, kisha nikazieleza kwa Kiswahili ili ziingie. Wanafunzi walizikariri na kuzimwaga kwenye mtihani. Wengi walifaulu, na mimi nilijiona nimefanya kazi yangu.

Nilipofungua faili nilikuta muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Mtendaji wa kijiji alikuwa ameuandika kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, kwenye kaunta buku la mistari, na mtu fulani akazipiga picha kurasa zote. Wilaya yenyewe sikuwahi kufika. Kufungua mkutano, kusoma yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, halafu ajenda ya nne: maombi ya mwekezaji kupewa ardhi ya kijiji kwa kilimo cha miwa. Chini yake mtendaji aliandika kwamba mkutano uliridhia kwa kauli moja. Kisha ikafuata ajenda ya mwisho, ile tunayoiita mengineyo, na baada yake orodha ya waliohudhuria, jina na sahihi.

Ilikuwa kazi nyepesi na niliifurahia. Lugha ya mihtasari naijua tangu utotoni, baba yangu alikuwa katibu wa kila kitu. Lakini nilipofika kwenye mengineyo nilipunguza mwendo. Mtendaji alikuwa ameandika hivi: mjumbe mmoja, mama mjane wa kitongoji cha mtoni, alihoji eneo linalotolewa linaanzia wapi na linaishia wapi, kwa kuwa hakuna aliyeonyeshwa ramani. Alihoji pia ni akina nani hao walioridhia, kwa kuwa yeye na majirani zake hawakuulizwa. Mwenyekiti alijibu kuwa muda umekwisha na mkutano ukafungwa.

Nilirudi kwenye orodha ya majina. Yalikuwa zaidi ya mia mbili. Sahihi zililala upande mmoja, mkono mmoja, kalamu moja, na herufi ya mwisho ya kila jina ilivutwa mkia kwa namna ileile. Mtu aliyesahihisha madaftari ya wanafunzi miaka tisa hahitaji kuambiwa. Nilikuwa nikiwakamata wavulana waliosainiana mahudhurio ya maandalio ya jioni kwa kutazama mara moja tu.

Nikafanya kile ambacho mtafsiri anaruhusiwa kufanya. Mwisho wa tafsiri niliweka maelezo mafupi: kwamba sahihi zote zinaonekana kuandikwa na mkono mmoja, na kwamba yaliyomo kwenye mengineyo yanapingana na azimio la ajenda ya nne. Nikatuma Alhamisi kabla ya jioni na kwenda kupika.

Ijumaa asubuhi yule dada aliyekuwa akigawa kazi kwenye kampuni alinipigia simu. Nilikuwa sijawahi kukutana naye uso kwa uso, ila nilimpenda. Hakuwahi kuanza mazungumzo bila kuuliza habari za watoto wangu.

"Mteja amefurahi sana," alisema. "Wanasema Kiingereza chako ni safi mno. Kuna mabadiliko madogo tu. Hawahitaji muhtasari wote, wanahitaji ajenda ya nne na orodha ya majina. Utalipwa kurasa zote, usijali."

"Na mengineyo?"

"Hawayahitaji. Halafu yale maelezo yako ya mwisho, wameomba yaondolewe. Sisi si wataalamu wa miandiko, au siyo?"

"Ni kweli," nilisema. "Si wataalamu."

"Ahsante sana. Nilijua ungeelewa."

Sikumwuliza mteja anataka kufanya nini na ajenda ya nne peke yake, lakini nilijua. Kwenye barua ya mawakili iliyokuja na faili iliandikwa kwamba kampuni ya yule mwekezaji wa miwa ilikuwa inaomba mkopo hapa London, na wakopeshaji walitaka uthibitisho kwamba kijiji kimeridhia. Nilikaa mbele ya kompyuta. Nikayafuta maelezo yangu, nikaukata ukurasa wa mengineyo, nikaweka chini maneno yanayotakiwa: kwamba hii ni tafsiri sahihi na kamili ya sehemu iliyoombwa. Nikapiga muhuri wangu wenye jina langu, nikasaini, nikaiskani, nikatuma. Haikunichukua hata nusu saa.

Nimejitetea mara nyingi juu ya ile nusu saa. Maombi ya familia yangu ya kuongezewa viza yalikuwa yanakaribia, na kampuni ile ndiyo iliyokuwa ikinipa kazi nyingi kuliko nyingine zote. Mume wangu ndiyo kwanza alikuwa ameanza mafunzo ya udereva wa basi kule Lewisham. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna jambo jingine, dogo, ambalo linaniaibisha kuliko hayo: mtu aliniambia kwamba Kiingereza changu ni safi, na sikutaka kuonekana msumbufu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Jumamosi mbili kwa mwezi nilikuwa nawakaribisha nyumbani wanafunzi watatu wanne wa Kitanzania waliokuwa wakisoma vyuo vya hapa. Walikuja kula ugali na kubishana. Aliyewaleta alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, dada wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa akisoma shahada ya uzamivu juu ya kilimo na maendeleo. Nilimfundisha akiwa kidato cha sita na hakuacha kuniita Mwalimu. Akiniita hivyo mbele ya wenzake nilikuwa nakaa vizuri kwenye kiti.

Siku ile ubishi ulikuwa uleule wa siku zote: kwa nini wenzetu wanastawi na sisi tunahangaika. Mmoja alisema ni ukoloni, walichukua na bado wanachukua. Mwingine alisema ukoloni umepita, tatizo ni viongozi. Yule dada alisema mbona kuna nchi zilitawaliwa kama sisi, tena hazina hata madini, na leo zinatukopesha.

"Mwalimu, tuamulie," alisema.

Nikawaambia habari ya dari langu. Mwaka uliotangulia bomba la jirani wa juu lilipasuka, dari la chumba cha watoto likaanguka. Niliwaandikia wenye nyumba barua, nikaandika ya pili na ya tatu. Simjui mtu yeyote pale, sina ndugu, sina cheo, na lafudhi yangu inanitangulia mlangoni. Lakini barua ya tatu ilijibiwa, fundi akaja, na wakaomba radhi kwa maandishi.

"Nchi inastawi," nilisema, "pale mnyonge anapouliza swali na mwenye nguvu akalazimika kulijibu. Mengine yote yanafuata."

Yule dada akachukua kalamu akaiandika sentensi hiyo kwenye daftari lake, neno kwa neno, akanirudia kuniuliza kama ndivyo nilivyosema. Nikasema ndivyo. Nilikuwa nimeukata ukurasa wa yule mama mjane siku moja kabla, kwenye meza hiyohiyo tuliyokuwa tukilia. Nakumbuka niliinuka nikaenda kuchemsha maji ya chai ingawa hakuna aliyeomba chai.

Miezi kadhaa baadaye yule dada alisafiri nyumbani kukusanya data za utafiti wake. Aliporudi alikuja kunisalimia na kilo mbili za mchele, na akaanza kunisimulia aliyoyaona. Alikuwa amezunguka vijiji vinavyopakana na mashamba ya wawekezaji. Kimoja kilikuwa na mgogoro mkubwa. Wanakijiji walisema ardhi iliyochukuliwa ni mara mbili ya ile waliyosikia ikitajwa, na kwamba wengi wao hawakuwahi kusaini popote. Walipokwenda ofisi ya kijiji kudai muhtasari, kaunta buku halikuwepo. Mtendaji alikuwa amehamishiwa kata nyingine na hakuna aliyejua kitabu kilikwenda wapi.

"Kuna mama mmoja wa huko mtoni," alisema, "anarudia jambo moja tu. Anasema, mimi niliuliza, na mtendaji aliandika, nilimwona akiandika. Watu wanamwona kama amechanganyikiwa. Lakini hana ushahidi, Mwalimu. Kitabu hakipo."

Kitabu kilikuwepo. Kilikuwa kwenye kompyuta yangu, hatua tatu kutoka alipokuwa amekaa, kwenye folda ambayo mkataba wangu na kampuni ulinitaka niifute baada ya kazi na mimi sikuifuta kwa uvivu tu.

"Pole yao," nilisema.

Hicho ndicho nilichosema. Maombi ya viza yalikuwa bado hayajajibiwa, na nilijiambia kwamba nikivunja siri ya mteja nitashtakiwa, na nikishtakiwa viza itakataliwa, na watoto watarudishwa kwenye shule ambazo lugha yake wanaisikia lakini wakiulizwa hujibu kwa Kiingereza. Nilijiambia pia kwamba wanakijiji watapata njia nyingine. Nilimfungia yule dada vitumbua kwenye foili, nikamsindikiza mpaka kituo cha basi.

Ulipita muda wa miezi minne hivi. Viza ilitoka. Nilipopata barua ile nilisema moyoni kwamba sasa nitazungumza, na wiki zikapita bila mimi kuzungumza. Hapo ndipo nilipojua kwamba viza haikuwa sababu.

Halafu yule dada akanipigia. Wanakijiji walikuwa wamepata wakili wa msaada wa kisheria na shauri limefunguliwa kwenye baraza la ardhi. Kampuni imewasilisha nyaraka zake, zote kwa Kiingereza, na wakili anataka mtu wa kuzigeuza kwa Kiswahili bila malipo ili wenye shauri wajue wanapambana na nini.

"Nikakufikiria wewe, Mwalimu. Najua una kazi nyingi."

Alinitumia. Nilizipitia nyaraka moja baada ya nyingine, na katikati nikakutana na jina langu. Muhuri wangu, sahihi yangu, na Kiingereza changu safi. Wakili wa kampuni alikuwa ameandika pembeni kwamba kumbukumbu hii imethibitishwa na mtafsiri wa London aliyesajiliwa, na kwa hiyo baraza liione kuwa haina shaka.

Nimelifikiria sana hilo neno, haina shaka. Nilikuwa nimefundisha kwamba nchi kama Uingereza zinastawi kwa sababu karatasi zake zinaaminika. Mtu akisaini, imekuwa. Ndivyo ilivyo, na ndiyo maana dari langu lilijengwa upya. Lakini sikuwahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba uaminifu huo unaweza kukodishwa, kwamba karatasi ya uongo iliyozaliwa kwenye kijiji chetu ikipitishwa London ikapigwa muhuri, inarudi nyumbani ikiwa na nguvu kuliko watu mia mbili waliosimama na kusema hatukusaini. Niliwafundisha kuhusu rushwa na uongozi mbovu, mambo ya watu wengine. Sikuiweka kwenye orodha kazi ya nusu saa ya mama mmoja mpole wa Thamesmead.

Nilimwomba yule dada aje nyumbani. Sikupika. Nilifungua kompyuta nikamwonyesha kurasa kumi na nane zote, kisha tafsiri yangu ya kwanza yenye maelezo, kisha ile ya pili. Alisoma ukurasa wa mengineyo mara mbili. Alisoma akiwa amesimama.

"Hii unayo tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Nilipokuja na mchele ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Aliketi. Nilingoja aniite Mwalimu lakini hakuniita. "Trekta zilianza kusafisha upande wa mtoni mwezi uliopita," alisema. "Wakili aliomba zuio, wakamwambia hana hati hata moja ya kupinga. Hata moja." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma ratiba ya treni.

"Nitaandika kiapo," nilisema. "Nitampa wakili kurasa zote."

"Leo?"

"Leo."

Kiapo nilikiandika usiku uleule, lakini kabla ya kutuma nilitaka niwaambie kampuni ya tafsiri ana kwa ana, kwa kuwa yule dada wa kampuni hakuwa amenikosea heshima hata siku moja. Kesho yake nilipanda treni Abbey Wood mpaka katikati ya mji nikamkuta ofisini. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alinipa kiti na chai, akaniuliza habari za watoto, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Naelewa unavyojisikia," alisema. "Lakini faili ile tulishaifunga. Mteja hakudanganywa na sisi, alipewa alichoomba. Ukitoa nyaraka zake, sitaweza kukupa kazi tena. Si mimi, ni mkataba."

"Najua."

"Basi mbona umekuja?"

Nadhani nilitaka anikasirikie, na hakukasirika. Alinisindikiza mpaka kwenye lifti. Jioni ile nilimtumia wakili kila kitu pamoja na kiapo changu, na kampuni haikunitumia kazi tena. Mume wangu alisema tutaishi, na tumeishi.

Wiki mbili baadaye yule mwanafunzi wangu wa zamani alinipigia kutoka nyumbani, alikuwa amerudi huko kumaliza utafiti. Alisema yuko kwa yule mama mjane na kwamba mama ameomba kuzungumza na mimi. Simu ikahamia mikononi mwake.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa na kitabu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Wananiambia maneno yangu yalifika Ulaya."

"Yalifika. Niliyasoma. Mtendaji aliyaandika yote kama ulivyoyasema."

"Nilimwona akiandika," alisema, na nikasikia akiwageukia watu waliokuwa karibu naye. "Nimewaambia, nilimwona." Kisha akarudi kwangu. "Sasa yalipofika, huko mlijibu nini?"

"Hatukujibu, mama. Niliyatoa. Waliniambia hawayahitaji, nikayatoa."

Nilimsikia kuku, na mtu akikokota ndoo.

"Uliyaelewa lakini?"

"Niliyaelewa."

"Haya," alisema. "Maana nilidhani labda Kiswahili changu hakikueleweka."

Nikaanza kumwomba radhi, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga, na nilipokuwa katikati akaniambia ngoja, jua linazama na hajafunga mbuzi, akamrudishia yule dada simu.

Baraza lilitoa uamuzi miezi mingi baadaye. Kurasa zile kumi na nane zilikubaliwa. Azimio la kijiji likatenguliwa kwa sehemu, na ardhi ambayo ilikuwa bado haijaendelezwa ikarudi mikononi mwa kijiji. Yule dada aliniambia watu walipiga vigelegele nje ya ofisi. Sehemu iliyokwisha kusafishwa na kupandwa miwa iliachwa kwa kampuni, kwa sharti la fidia ambayo mpaka naandika haijalipwa. Upande wa mtoni uko kwenye sehemu hiyo. Nilihesabu kwenye kalenda: kutoka siku nilipoletewa mchele mpaka siku trekta za kwanza zilipofika mtoni, ilikuwa wiki kumi na tisa.

Yule dada sasa ana shahada yake na anafundisha chuo kikuu nyumbani. Tunasalimiana sikukuu. Ananiita dada.